Mke wangu alichelewa kuanza kliniki: je, ndiyo sababu mtoto wetu ana kifafa cha vinasaba?

SWALI: Daktari, mtoto wetu wa kiume ana miaka mitatu. Alipata degedege la kwanza akiwa na miezi mitano, siku aliyokuwa na homa, likadumu karibu nusu saa. Yakafuata mengine, hata bila homa. Mwaka jana alipimwa vinasaba, tukaambiwa ana ugonjwa wa Dravet, aina ya kifafa kikali cha utotoni, na kwamba jeni yake iitwayo SCN1A ina hitilafu. Mke wangu alianza kliniki mimba ikiwa na miezi sita. Sasa dada zangu wamesoma kwamba utafiti unahusisha kukosa huduma za ujauzito na kifafa cha watoto, na wanasema yeye ndiye chanzo. Mwenyewe ameanza kuamini. Tungependa kupata mtoto mwingine. Je, wanachosema ni kweli? Na safari hii tufanye nini mapema?

JIBU: Hapana, si kweli. Nalitanguliza hilo ili umsomee mkeo leo, hata kama mengine mtayasoma kesho. Kuchelewa kuanza kliniki hakukumletea mwanao ugonjwa wa Dravet. Mkeo angefika kliniki wiki ileile aliyokosa hedhi, mtoto huyu angezaliwa na jeni hiyohiyo yenye hitilafu hiyohiyo. Hakuna kidonge, sindano, mlo wala kipimo cha kliniki ya wajawazito ambacho kingeizuia. Hata hivyo dada zako hawakuyaokota maneno yao hewani. Tafiti za namna hiyo zipo na zina thamani yake, ila zinazungumzia watoto wengine kabisa. Nitazirudia.

Kwanza tuhesabu siku. Mabadiliko ya jeni yanayoleta ugonjwa huu kwa kawaida hutokea kabla mbegu ya baba na yai la mama havijakutana, au katika siku za mwanzo kabisa baada ya kukutana. Mama anapogundua kwamba hedhi imepita, mimba ina kama wiki mbili tangu itungwe, na kile kiinitete kimekwisha kunakili maelekezo yake mara nyingi, hitilafu ikiwamo. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linashauri hudhurio la kwanza liwe ndani ya wiki 12. Kwa hiyo hata mjamzito mwenye bidii kuliko wote hufika kliniki wakati jambo hili lilishapita.

Jeni ya SCN1A iko kwenye kromosomu ya 2 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli). Inatoa maelekezo ya kutengeneza protini inayokaa kwenye ukuta wa seli ya neva kama mlango, ambapo chembe za sodiamu hupita na kuiwezesha seli kurusha umeme wake. Seli zinazoutegemea zaidi mlango huo ni zile zenye kazi ya kutuliza nyingine. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii. Nakala moja ikiharibika, milango inapungua, seli za kutuliza zinachoka mapema, na umeme wa ubongo unakosa wa kuuzuia. Joto la mwili likipanda mambo yanazidi kuharibika, ndiyo maana degedege la kwanza mara nyingi huja na homa, na mara nyingi hurefuka, kama lilivyorefuka la mwanao.

Jambo ambalo familia nyingi hazielezwi ni kwamba ubongo wa mtoto aliye tumboni hauutegemei sana mlango huu. Unategemea milango mingine inayofanana nao. Mlango wa SCN1A huongezeka umuhimu miezi ya mwanzo baada ya kuzaliwa. Hii inaeleza kwa nini mtoto huzaliwa mzima, ananyonya, anacheka, kichwa kina ukubwa wa kawaida, halafu tatizo linaibuka akiwa na miezi mitano au sita. Inaeleza pia kwa nini altrasaundi isingeonyesha kitu. Mkeo angepigwa picha kila wiki tangu mwezi wa pili, daktari angemwambia kila wiki kwamba mtoto anaendelea vizuri, na angekuwa anasema kweli.

Sasa hitilafu yenyewe ilitoka wapi? Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1978 na daktari wa Ufaransa, Charlotte Dravet, na kwa zaidi ya miaka 20 chanzo chake hakikujulikana. Mwaka 2001 watafiti wa Ubelgiji waliwapima wagonjwa 7 wasio na undugu, wakakuta wote 7 wana badiliko kwenye SCN1A, na kwa wote lilikuwa jipya: halikuwamo kwa baba wala kwa mama. Tangu hapo maelfu ya watoto wamepimwa na picha haijabadilika sana. Karibu watoto 9 kati ya 10 wenye Dravet inayotokana na jeni hii wana badiliko jipya. Ni la vinasaba, lakini halikurithiwa katika maana ambayo watu wengi wanaielewa, kwa hiyo hakuna haja ya kukagua ukoo wa mtu ukitafuta nani alikuwa na kifafa.

Mabadiliko mapya si adhabu ya mtu fulani. Sote tunayo. Utafiti uliofanywa Iceland na kuchapishwa mwaka 2012 uliwalinganisha watoto na wazazi wao ukakuta kila mtoto ana wastani wa mabadiliko mapya 60 hivi ambayo wazazi wake hawana. Mengi huangukia sehemu za vinasaba ambako hayadhuru chochote. Mara chache moja linaangukia pabaya. Na kwa kuwa dada zako wanatafuta wa kulaumiwa, waambie hili pia: mengi ya mabadiliko hayo mapya yanatoka kwenye mbegu za baba, kwa sababu mbegu hutengenezwa upya maisha yote ya mwanamume na kila kunakili kuna nafasi ya kukosea. Watafiti walioangalia SCN1A peke yake kwa watoto wa Dravet walikuta jambo hilohilo, kwamba sehemu kubwa ilitoka upande wa baba. Silisemi ili lawama zihamie kwako. Huna uwezo wa kusimamia namna mbegu inavyonakili vinasaba, kama mkeo asivyo na uwezo juu ya yai lake. Ila nimeshuhudia familia nyingi zikimhukumu mama kwa jambo lililotokea ndani ya mwili wa baba, na sioni kwa nini ninyamaze.

Kumtafuta mchawi kwenye ugonjwa huu kuna historia ndefu. Kwa miaka mingi kulikuwa na watoto walioaminiwa kuwa wameharibiwa ubongo na chanjo ya kifaduro, kwa sababu degedege lilianza muda mfupi baada ya sindano. Mwaka 2006 watafiti wa Australia waliwachukua wagonjwa 14 wa namna hiyo wakawapima vinasaba. Wagonjwa 11 walikutwa na hitilafu kwenye SCN1A. Walikuwa na Dravet muda wote ule. Chanjo, pengine kwa homa inayoleta, iliamsha tu ugonjwa ambao ungejitokeza baadaye hata bila chanjo. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba hata degedege lilipoanza baada ya chanjo, hali ya watoto hao baadaye haikuwa mbaya kuliko ya wenzao. Wazazi wangapi waliishi wakijilaumu kwa kumpeleka mtoto kuchanjwa? Mkeo sasa anajilaumu kwa upande wa pili, kwamba hakwenda kliniki mapema. Ningefurahi kama watu wangeliacha jambo hili la kuangalia mama alifanya nini wiki ile.

Nije kwenye huo utafiti. Kifafa ni jina moja linalobeba magonjwa mengi. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa kifafa, ILAE, mwaka 2017 kilipanga vyanzo vyake katika makundi sita: kasoro au kovu kwenye ubongo, vinasaba, maambukizi, matatizo ya kimetaboliki (namna mwili unavyotumia chakula na kemikali zake), kinga ya mwili kuushambulia ubongo, na vyanzo visivyojulikana. WHO inakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, karibu asilimia 80 wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi robo ya kifafa chote kingeweza kuzuilika. Sehemu ya robo hiyo ndiyo inayoihusu kliniki ya wajawazito. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa kwa sababu uchungu ulikaa muda mrefu bila mtu wa kuamua upasuaji, mtoto aliyezaliwa wiki ya 29 akavuja damu kwenye ubongo, kaswende ambayo haikupimwa, presha ya mama iliyopanda kimyakimya hadi akapata kifafa cha mimba (ambacho, kwa wanaochanganya, ni ugonjwa mwingine kabisa na hakimfanyi mtoto arithi kifafa), manjano kali ya kichanga iliyoachwa: hizo ni njia za kweli za kuelekea kifafa, na huduma nzuri za ujauzito na uzazi huzifunga nyingi. Mtafiti akihesabu watoto wote wenye kifafa bila kuwatenganisha, lazima ataona uhusiano na mahudhurio ya kliniki. Uhusiano huo umebebwa na watoto hawa. Mwanao ameingizwa kwenye hesabu yao kwa sababu tu naye ana degedege.

Halafu kuna tatizo la mambo yanayotembea pamoja. Mama anayeishi mbali na kliniki anaishi mbali na chumba cha upasuaji pia. Mwanawe akipata homa ya uti wa mgongo au malaria ya kichwani, atachelewa kutibiwa kwa umbali uleule. Ukiona watoto wa mama huyu wana kifafa zaidi, huwezi kusema ni mahudhurio yaliyokosekana, au ni barabara, au ni pesa. Watafiti wazuri hujaribu kuyatenganisha kwa hesabu, lakini huwa hawawezi kuyamaliza, na wao wenyewe huandika hivyo. Maneno hayo ndiyo huachwa nje habari inapofika kwenye simu ya mtu.

Kwa kifafa cha vinasaba hasa, hesabu inapindishwa na jambo jingine: nani hupimwa. Kipimo cha vinasaba hakimfikii kila mtoto. Chukua watoto wawili wenye hitilafu kwenye jeni ya KCNQ2, ambayo huleta degedege siku za mwanzo kabisa za maisha. Mmoja amezaliwa mahali penye maabara, anapimwa, anaandikwa kuwa na kifafa cha vinasaba. Mwingine amezaliwa pasipo na kipimo, anakakamaa siku ya pili, na kwenye faili yake linaandikwa jambo lililo karibu na kalamu: alikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Mama anaulizwa alikwenda kliniki mara ngapi. Anajibu mbili. Kesi inafungwa. Kwenye takwimu, mtoto wa kwanza anaongeza kifafa cha vinasaba upande wa waliohudumiwa vizuri, na wa pili anaongeza madhara ya uzazi upande wa waliokosa huduma, ilhali ugonjwa wao ni mmoja. Sikatai kwamba kukosa hewa kunaumiza watoto wengi zaidi mahali huduma zilipo haba, maana ni kweli. Nasema tu kwamba jibu hilo huandikwa pia kwa watoto ambao si lao.

Na mshale unaweza hata kugeuka. Familia ambayo tayari ina mtoto mwenye kifafa cha vinasaba hukimbilia kliniki mapema sana mimba inayofuata. Mtafiti asiyejua hilo anaweza kukuta kwamba wanaoanza kliniki mapema ndio wenye kifafa cha vinasaba zaidi! Pia hifadhi za vinasaba ambazo maabara hulinganishia zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Mtu mwenye asili ya Afrika akipimwa, mara nyingi zaidi anarudishiwa jibu kwamba ana badiliko ambalo maana yake haijulikani, kwa sababu wenzake hawajapimwa vya kutosha. Nyinyi mlipata jibu la uhakika. Wengi hawalipati.

Basi kliniki haina kazi kwenye kifafa cha vinasaba? Inayo, tena kubwa, ila si ile wanayoidhania dada zako.

Kazi ya kwanza ni kwa mama ambaye yeye mwenyewe ana kifafa. Dawa iitwayo valproeti, ambayo ni nzuri kwa aina kadhaa za kifafa cha vinasaba, ni hatari kwa mimba. Karibu mtoto 1 kati ya 10 walioipata tumboni huzaliwa na kasoro kubwa ya viungo, na watoto 30 hadi 40 kati ya 100 hupata matatizo ya ukuaji wa akili, lugha au tabia. WHO inashauri isiandikiwe wasichana na wanawake wenye umri wa kuzaa. Mazungumzo haya yanapaswa kufanyika kabla ya mimba, kwa sababu mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufunga karibu siku ya 28 tangu mimba itungwe, wengi wakiwa hawajajua kama ni wajawazito. Na wala mama asiache dawa ghafla kwa hofu: degedege kubwa la mama linaweza kumuua yeye na mtoto. Dawa kama lamotrijini na levetirasetamu zina hatari ndogo zaidi, ingawa kiwango cha lamotrijini kwenye damu hushuka sana mimba inapokua na dozi huhitaji kupandishwa. Mjamzito anayeanza kliniki mwezi wa sita akiwa na kifafa amepoteza miezi ambayo marekebisho hayo yalitakiwa kufanyika.

Kazi ya pili ni magonjwa machache ambayo yanaonekana au yanatibika mapema. Kuna ugonjwa wa jeni za TSC1 na TSC2, unaompata takribani mtoto 1 kati ya 6,000, ambao huacha vivimbe kwenye ubongo, figo, ngozi na moyo. Vivimbe vya moyo vinaweza kuonekana kwa altrasaundi mtoto akiwa tumboni. Ugunduzi huo una maana, kwa sababu wengi wa watoto hawa hupata kifafa, mara nyingi kabla ya mwaka mmoja. Utafiti wa EPISTOP wa Ulaya, uliochapishwa mwaka 2021, uliwapa watoto dawa ya vigabatrini mara tu majibu ya kipimo cha umeme wa ubongo yalipoanza kuwa mabaya, bila kusubiri degedege. Degedege lilichelewa kuanza, na kifafa sugu kikapungua. Utafiti mwingine wa Marekani uliotoka mwaka 2023 ulithibitisha kwamba aina moja mbaya ya degedege la vichanga hupungua, lakini akili za watoto walipofika miaka miwili hazikuwa bora kuliko za wenzao. Naitaja sehemu zote mbili kwa sababu habari za namna hii huuzwa nusu.

Ugonjwa mwingine unatokana na jeni ya ALDH7A1. Mtoto hawezi kutumia vitamini B6 ipasavyo, na degedege lake halisikii dawa za kawaida ila B6 yenyewe, kwa maisha yote. Huu hurithiwa kwa wazazi wote wawili, na kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25. Familia iliyokwisha kumpata mtoto mmoja, mama anaweza kupewa B6 tangu ujauzito, na kichanga kikapewa mara kinapozaliwa. Hapo swali moja la mkunga, "Kuna mtoto wako aliyewahi kupata degedege akiwa mchanga, au aliyefariki siku za mwanzo?", linaweza kuokoa ubongo. Swali hilo halihitaji mashine. Linahitaji mkunga mwenye muda, na mama aliyefika.

Sasa mtoto wenu ajaye. Jambo la kwanza ni kujua kama nyinyi wawili mlipimwa badiliko lilelile, si kama "mlipimwa vinasaba" kwa ujumla. Kama mmoja wenu analo, uwezekano kwa kila mimba ni asilimia 50, na hilo hutokea: kuna wazazi wenye hitilafu ya SCN1A waliopata degedege la homa utotoni tu, wakapona na kusahau. Waulizeni bibi na babu. Kama hamnalo kwenye damu, uwezekano wa kurudia ni mdogo, kwa kawaida hutajwa asilimia 1 hivi, lakini si sifuri. Sababu ni kwamba mzazi anaweza kuwa na hitilafu kwenye baadhi tu ya seli zake, pengine zile zinazotengeneza mbegu au mayai, na kipimo cha kawaida cha damu kikaikosa. Mwaka 2018 watafiti walipima kwa kina familia 120 zilizoambiwa badiliko la mtoto ni jipya, kwa kifafa kikali cha namna hii, wakakuta familia 10 ambazo mzazi alikuwa nalo kwenye sehemu ya seli zake. Kwa familia kama hizo uwezekano unapanda, wakati mwingine sana. Ombeni kipimo cha kina kama kinapatikana.

Mkitaka kujua kabla mtoto hajazaliwa, njia zipo. Sampuli ya kondo la nyuma huchukuliwa kati ya wiki ya 11 na ya 14, au maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15, kisha maabara inatafuta badiliko lile moja la kaka yake. Kuna hatari ndogo ya mimba kutoka, chini ya 1 kati ya 100 mikononi mwa mtu mzoefu. Kile kipimo cha damu ya mama kinachotangazwa sana siku hizi, kinachosoma vinasaba vya mtoto vinavyoelea humo, hutafuta hasa kromosomu zilizozidi, kama ile ya 21. Jibu lake zuri halisemi lolote kuhusu SCN1A, na nimekutana na wazazi waliodhani linasema. Ipo pia njia ya kutungisha mimba maabara na kupima viinitete kabla havijapandikizwa, ambayo ni ghali na inachosha. Mtakachofanya na jibu ni uamuzi wenu. Wapo wanaopima ili wajiandae tu, wapo wasiopima kabisa, na sijaona kundi lenye haki ya kulisimanga jingine.

Hapa ndipo kuanza mapema kunaposhika uzito. Mkeo akifika tena mwezi wa sita, dirisha la vipimo hivi litakuwa limefungwa au limebana mno. Aanze asidi ya foliki sasa, kabla ya mimba, mikrogramu 400 kwa siku. Haizuii Dravet, inazuia mgongo wazi, na hilo linatosha. Altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, vipimo vya kaswende, VVU, damu na presha, na mahudhurio yasiyopungua 8 kama mwongozo wa WHO unavyosema. Nawe nenda naye. Hukuniambia kwa nini mara ile alichelewa, na wanawake huchelewa kwa sababu nyingi: umbali, nauli, kutukanwa na mhudumu, kusubiri ruhusa ya nyumbani. Baadhi ya sababu hizo zinakaa kwa mume. Jiulize.

Kuhusu kijana wenu, hukuuliza lakini siwezi kupita. Jina la jeni linabadilisha dawa. Kabamazepini, fenitoini na lamotrijini, zinazowasaidia watu wengi wenye kifafa, hubana milango ya sodiamu, na kwa Dravet mara nyingi huongeza degedege. Kwa mtoto mwenye KCNQ2, dawa za aina hiyohiyo ndizo mara nyingi humtuliza. Kama anatumia mojawapo, msiikate wenyewe. Mwoneni daktari wiki hii. Valproeti na klobazamu hutumika sana kwake, na zipo stiripentoli, fenfluramini na kanabidioli pale zinapopatikana. Muwe na dawa ya dharura ya kumpa degedege likipita dakika 5, na kila anayekaa naye ajue kuitumia, dada zako wakiwamo. Homa ishushwe mapema. Chanjo aendelee kupata, kwa mpango mliokubaliana na daktari kuhusu homa ya siku hizo, maana surua yenyewe itamletea homa kubwa kuliko sindano.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Ombeni nakala kamili ya majibu ya maabara, yenye jina la badiliko lenyewe, ule mstari wa herufi na namba unaofuata neno SCN1A. Barua ya daktari inayosema tu "ana Dravet" haitoshi. Maabara itakayopima mimba ijayo, au itakayowapima nyinyi, lazima ijue inatafuta herufi ipi mahali gani, na kuanza kuitafuta karatasi hiyo mimba ikiwa na wiki 10 ni kuchelewa.